Kabla Hujanitumia Orodha ya Napoli

Wiki jana rafiki yangu wa South B alitupia kwenye grupu letu la WhatsApp mwongozo mwingine wa safari. Saa 48 Napoli: pa kula, pa kunywa, pa kuzurura. Piza ni kwa Da Michele, familia ya wapika piza tangu 1870. Kahawa ni Gambrinus, unainywa umesimama kwenye kaunta. Jioni panda juu utazame bandari, meli na mlima Vesuvio. Watu sita wakaweka alama ya moto. Mmoja akaandika, "Mungu nikumbuke na mimi."

Nikaandika: "Kwetu Lafey tumekula tambi tangu kabla hamjazaliwa." Wakacheka. Halafu mmoja, mtu tuliyesoma naye chuo kimoja miaka minne, akauliza, "Lafey ni wapi tena?"

Ndiyo maana naandika. Sina ugomvi na Napoli. Nina ugomvi na mwongozo, na nina ugomvi na sisi tunaousambaza bila kuusoma vizuri. Mwongozo wa safari haukuonyeshi pa kula tu. Kimyakimya unakuambia nani duniani ni mgeni wa kukaribishwa, nani ni mwenyeji wa kutembelewa, na nani ni tatizo la kuepukwa. Sisi vijana wa Nairobi tunausoma tukidhani tumo kwenye kundi la kwanza.

Haya, tuanze na tambi.

Lafey iko kaunti ya Mandera, kona ile ya Kenya iliyobanwa kati ya Ethiopia na Somalia. Nyumbani kwa ayeeyo, bibi yangu, Ijumaa ilikuwa siku ya baasto, tambi ndefu hizi mnazoziita spageti. Anachemsha, anamwaga maji, anamimina suugo ya nyama ya mbuzi juu yake, na pembeni anaweka ndizi mbivu. Unakula kwa mkono wa kulia. Kuna ufundi wake, unazungusha kwa vidole vitatu na ndizi inasaidia kushika. Ayeeyo hakuwahi kufika hata Mogadishu, lakini kinywani mwake mlikuwa na maneno ya Kitaliano bila yeye kujua ni ya Kitaliano. Baasto, suugo. Uma aliuita fargeeto, na nyumbani kwake uma haukuwahi kuingia. "Kula, hooyo," aliniambia, maana kwetu mama na bibi humwita mtoto kwa cheo chao wenyewe.

Hayo maneno hayakuja na watalii. Italia ilitawala Somalia ya kusini, na hadi 1925 mpaka kati yake na Waingereza wa Kenya ulikuwa mto Juba. Maana yake ni kwamba Kismayu ilikuwa bandari ya upande wa Kenya. Kisha Waingereza wakaikata Jubaland yote, Kismayu ikiwemo, wakawapa Wataliano kama shukrani kwa kuwa upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna aliyemuuliza mchunga ngamia. Mstari mpya ukachorwa kutoka Mandera kushuka hadi baharini, ukapita kati ya watu na visima vyao, kati ya shangazi na mpwa. Lafey ikabaki huku. Jamaa zetu wakabaki kule.

Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za bandari ya Kitaliano, mimi siwazi Napoli kwanza. Nawaza Kismayu. Nawaza mashamba ya ndizi kando ya Juba na Shebelle, ambako Wasomali walilazimishwa kufanya kazi, na meli zilizobeba ndizi hizo hadi Italia. Ndizi iliyokaa kando ya tambi za ayeeyo ina historia ndefu kuliko piza yoyote kwenye ile orodha.

Halafu ikaja vita. Juni 1940 Italia iliingia Vita vya Pili, na mwezi uliofuata Waingereza wakaondoka Moyale. Desemba mwaka huohuo wanajeshi wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na wa Afrika Kusini wakapigana na Wataliano El Wak, jirani zetu kabisa. Februari 1941 Kismayu ikatekwa. Mnajua lile kanisa dogo la Mai Mahiu, chini ya mteremko, mnaloshuka kupiga picha mkienda Naivasha? Lilijengwa 1942 na wafungwa wa kivita wa Kitaliano waliokuwa wakichonga ile barabara. Mmepiga picha na vita vyetu na hamkujua.

Sasa turudi Napoli, maana orodha ilisema tuzurure.

Orodha ilisema usikose uwanja wa Maradona, ulioko mtaa wa Fuorigrotta. Nakubali, hata mimi ningeenda. Lakini jirani na uwanja huo kuna eneo kubwa la maonyesho linaloitwa Mostra d'Oltremare, maana yake Maonyesho ya Ng'ambo. Siku hizi vijana huenda hapo kwa tamasha la katuni. Lilifunguliwa tarehe 9 Mei 1940 kuonyesha makoloni ya Italia. Walijenga vijiji vya kuigiza, na ndani yake wakaweka watu wa kweli kutoka Eritrea, Ethiopia na Somalia, ili familia za Napoli zije kuwatazama wakiishi. Mwezi mmoja baadaye vita vikaanza na maonyesho yakafungwa. Watu wale wakakwama. Hawakuwa na meli ya kurudi. Baadaye walihamishwa hadi mji mdogo wa Treia, na mwaka 1943 baadhi yao wakatoroka, wakajiunga na wapiganaji wa msituni waliokuwa wakipambana na Mafashisti.

Hebu fikiria. Watu wa kwetu walifika Napoli kwa meli, wakawekwa uani ili watazamwe, wakasahaulika, na mwisho wakasaidia kuikomboa Italia. Mahali penyewe papo, pana lango na unaweza kupita mbele yake kwa miguu. Katika miongozo yote niliyotumiwa na nyinyi, na walahi ni mingi, hakuna hata mmoja uliowataja. Unaambiwa "gundua" mji, halafu kinachostahili kugunduliwa kinafunikwa kwa jibini.

Nina binamu Napoli. Hakufika kwa orodha. Aliondoka nyumbani kwa tahriib, ile safari ya magendo ambayo kila familia kaskazini ina mtu aliyeifuata. Alipita Sudan, akakaa Libya miezi ambayo hataki kuisimulia, akashushwa Sicily akiwa na suruali moja. Alikuwa na bahati. Samia Yusuf Omar, yule msichana aliyekimbilia Somalia kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, alikufa baharini 2012 akijaribu kufika Italia. Oktoba 2013 zaidi ya watu 360 walizama karibu na Lampedusa, meli yao ikiwa imekaribia ufuoni.

Nilimtumia binamu ile orodha, nikamwomba anipe yake. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, huku nyuma nasikia wauza samaki wakipiga kelele, maana anabeba makreti soko la Porta Nolana.

"Pa kula," akasema, "ni kantini ya kanisa. Wanafungua saa sita, wewe fika saa tano. Pa kunywa, kuna mabomba ya barabarani, maji yake ni baridi na ni bure. Pa kuzurura ni ofisi ya vibali. Hiyo utaizuru sana. Foleni inaanza alfajiri, beba kiti."

Akacheka. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza jambo ambalo nimelisikiliza mara nyingi. Napoli wana desturi ya kahawa iliyosubirishwa, caffè sospeso. Mtu anakunywa moja, analipia mbili, na ile ya pili inamngoja asiye na hela. Mwezi wake wa kwanza binamu aliingia baa moja karibu na Piazza Garibaldi, akauliza kama kuna iliyobaki. Mwenye baa hakumwuliza karatasi wala jina. Akamsogezea kikombe na glasi ya maji. "Ina adeer," akaniambia, "nilihisi niko kwa ayeeyo."

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Napoli ina moyo. Hata wao walikuwa wasafiri wa shida, kwani kutoka bandari ile maskini wengi wa kusini mwa Italia walipanda meli kwenda Marekani. Na leo wenyeji wenyewe wanalalamika kwamba nyumba za mitaa ya kale zinageuzwa vyumba vya watalii na kodi zinawashinda. Mwongozo haumwoni binamu yangu, na haumwoni hata mama wa Kinapoli anayehamishwa ili wewe upate dirisha lenye mandhari.

Tuongee na bei, maana orodha ilisema piza ni rahisi.

Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima. Ukikataliwa hazirudi. Unapeleka taarifa za benki, barua ya kazi, bima, tiketi na mahali pa kulala. Mtaliano anayekuja Malindi analipa dola 30 kwenye mtandao akiwa kitandani kwake. Malindi penyewe atapata piza, jalaato na vijana wa ufuoni wanaoongea Kitaliano fasaha kuliko mimi ninavyoongea Kikuyu.

Mimi niliomba mara moja, nilipoalikwa kwenye warsha ya uandishi. Ubalozi mmoja wa Ulaya ukanijibu kwamba hawana uhakika nitarudi nyumbani. Nyumbani! Hata hapa nyumbani ilinichukua miaka miwili kupata kitambulisho. Wenzangu waliozaliwa Thika walienda ofisini wakapigwa picha basi. Sisi tulipigwa msasa. Unaketi mbele ya jopo, unaulizwa jina la babu wa babu yako, unaambiwa rudi mwezi ujao na mzee mwingine. Ilikuwa Februari 2025 tu ambapo rais alitangaza pale Wajir kwamba msasa huo umeondolewa. Mkoa wetu uliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Wazee Mandera wakikuona umetoka Nairobi bado wanakuuliza, "Kenya kukoje?" Hawatanii.

Nikisema haya, rafiki wa South B huniambia, "Tulia walalo, ni chakula tu."

Sawa. Kama ni chakula tu, niambie mbona 2017 UNESCO iliuweka ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nawapongeza, wanastahili. Lakini chakula cha Lafey kikitajwa popote, kinatajwa kwa magunia ya msaada. Ukame ni kweli. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na nimeona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Ila ni kweli pia kwamba watu walewale waliopanga foleni ya unga wanajua kukausha nyama, kuikata vipande vidogo na kuihifadhi ndani ya samli miezi mingi bila friji. Ile ni nyirinyiri. Wanajua kufukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa mti maalumu ili maziwa ya ngamia yakae na yanukie. Huo nao ni ufundi. Tofauti ni kwamba wa kwao umeandikwa na wa kwetu umehesabiwa kwa kilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalikwepa. Kule ni hatari, nani ataenda? Ni kweli. Novemba 2014 basi lilisimamishwa nje ya mji wa Mandera na watu 28 wakauawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Sitamwambia mtu apande basi kesho kwa sababu ya tambi. Ramani za tahadhari za Ulaya zinapaka mpaka wetu rangi nyekundu, na mimi mwenyewe nikisafiri mama yangu halali hadi nimpigie.

Lakini angalieni hatari ya Napoli inavyoandikwa. Napoli kuna Camorra. Watu wameuawa mitaani na tamthilia zimetengenezwa juu yao. Mwongozo unasema, "Shika mkoba wako vizuri," kisha unaendelea na keki. Kule hatari ni kiungo cha mchuzi. Kwetu hatari ni nukta, sentensi inaishia hapo. Na tukio lililofuata nani analikumbuka? Desemba 2015, barabara hiyohiyo ya Mandera, basi lingine lilisimamishwa. Washambuliaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake walikuwa wameshawapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Filamu fupi ya kisa hicho, Watu Wote, ilifika hadi kuteuliwa kwa tuzo za Oscar 2018. Mnatafuta ukarimu wa wenyeji? Huo hapo. Hakuna hoteli inayoweza kukupa nyota kwa jambo kama hilo.

Na sasa nijishtaki. Miaka mitatu ya mwanzo chuoni, mtu akiniuliza natoka wapi, nilisema Garissa. Garissa angalau waliisikia, hata kama ni kwa mabaya. Nilipowapeleka marafiki Eastleigh kula, niliagiza pilau na nikaiacha baasto, maana niliogopa wataicheka ndizi. Orodha za Napoli nimezihifadhi kwenye simu, ninazo kama kumi na moja. Nimeitamani Gambrinus kuliko nilivyowahi kuitamani Lafey. Kwa hiyo sihubiri nikiwa mimbarini. Nimeketi na nyinyi chini.

Ila nimechoka kuwa msomaji tu. Na nawadai nyinyi mnaoandika, mnaopiga picha, mnaoishi kwa simu, mambo mawili. La kwanza, mkiandika mji wowote, Napoli au Lamu au Kampala, mtaje anayeosha vyombo na mlango wa kuingilia alioupita. La pili, andikeni kwetu pia, na msitungoje njaa wala risasi ndiyo mje.

Mimi naanza. Lafey, kwa siku moja, amani ikiwepo.

Pa kula: boma lolote ulilotambulishwa, Ijumaa baada ya swala. Usitafute menyu. Mbuzi atachinjwa kwa ajili yako na ukikataa utakuwa umemtukana mwenye boma. Baasto ikija, nawa mkono wa kulia, ponda ndizi kidogo na usiombe uma. Ukipewa mchanganyiko wa wali na tambi kwenye sinia moja, hiyo huitwa federation, na yenyewe ni tamu kuliko siasa zake.

Pa kunywa: chai ya maziwa ya ngamia, tangawizi na iliki, sukari nyingi. Ina ladha ya moshi, si kosa. Maji omba kidogo na uyamalize yote kwenye kikombe, kwa sababu wakati wa kiangazi yameletwa na boza kutoka mbali na kuna mtu aliyepanga mitungi tangu usiku.

Pa kuzurura: kisimani jioni. Ngamia wanarudi wakiwa na kengele za mbao shingoni, unazisikia kabla ya kuona vumbi. Muulize mzee yeyote mpaka uko wapi. Atakuonyesha kwa fimbo, kisha atakuonyesha upande wa pili, kisima alichokunywa baba yake. Usimpige picha kabla hujamwomba.

Nimeutuma huu kwenye grupu. Alama za moto ni mbili tu. Lakini yule aliyeuliza Lafey ni wapi ameniandikia pembeni: "Nauli ni ngapi?" Nimemwambia tungoje barabara itulie, na wakati huo aje Eastleigh Ijumaa hii. Nitaagiza baasto, na ndizi.

Binamu naye nimempigia. Nimemuuliza, ukweli kabisa, nikifika Napoli nile wapi. Hakutaja Da Michele.

"Kwangu," akasema. "Ijumaa napika. Wataliano ninaokaa nao wanaicheka ndizi, lakini siku hizi wananunua wao."

Ombi langu la pili la viza nimelijaza jana usiku. Pale wanapouliza sababu ya safari, nimeandika: kula kwa jamaa.